Waliobeba Vitabu Kichwani

Kibombo, tarehe 12 Oktoba 1975

Mwamini, mujukuu wangu, muke mwenzangu mwenye wivu,

Mimi niko muzima. Magoti hayako. Barua yako Hamadi wa treni aliniletea imekunjwa kama kitambaa cha kufutia pua. Akirudi huko Kindu umwambie nimeona.

Nimeisoma polepole. Herufi za kizungu marehemu babu yako alinifundisha juu ya karatasi za sabuni, kwa hiyo usiniandikie maneno marefu ya kujionyesha. Nimeelewa hivi: Serikali imechukua shule ya Masista, wamekupa wewe, mwalimu mudogo kuliko wote, ufunguo wa nyumba ya vitabu, na watoto hawaingii. Vitabu iko, wasomaji hakuna. Basi wewe unabandika karatasi ukutani, "Njooni musome." Unawaomba. Umewaahidi bonbo za kumumunya. Haya ni mambo gani? Muntu mukubwa anapigia mutoto magoti ili asome? Nani alikulea?

Sikiliza. Nilipokuwa chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, hapa hapa Kibombo, hakuna aliyetuomba. Mutoto akihitimu alivalishwa nguo mupya, kitabu kikafungwa kitambaa cheupe, kikawekwa juu ya kichwa chake, akatembezwa mutaa wote kwa dufu. Wamama wanamurushia karanga na sukari. Siku aliyopitishwa binti wa jirani nililia mpaka mama akanipiga. Kesho yake nilisoma mpaka sauti ikakauka. Wivu, Mwamini. Wivu njo mwalimu mukubwa. Kuomba hakujafundisha muntu.

Fanya hivyo. Najua vyenu si misahafu, ni vitabu vya kifaransa vya sungura na wafalme. Kitabu ni kitabu. Lakini asipite mutoto ambaye hajamaliza. Amalize, asimame mbele ya wenzake, aeleze, wamuulize. Na kitambaa kiwe cheupe, kisiwe cha jikoni. Nakutumia kimoja, nimekikata kwenye shuka langu.

Mimi Hawa, nyanya yako


Kindu, tarehe 9 Novemba 1975

Kwa Nyanya Hawa, mwenye magoti na maneno,

Salamu kwako na kwa wote wa lupango, ua wetu wote. Nilifanya kama ulivyosema na mpaka leo sijapumua.

Niliwatangazia watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari: atakayemaliza kitabu, akasimama akawaeleza wenzake, wakamuuliza akawajibu, huyo tutampitisha mjini kwa heshima. Walinicheka. Alikuja mmoja tu, Emerance, anayeuza mikate na mama yake alfajiri kabla ya masomo. (Kwenye daftari la shule ana jina lingine tangu majina ya ubatizo yakatazwe, lakini ukimwita kwa hilo jipya hageuki.) Alisoma hadithi ya mfalme aliyeogopa kulala. Wavulana walimtega kwa maswali. Mmoja akasema, "Haya, huyo mfalme alikuwa na wake wangapi?" Emerance akamjibu, "Kitabu hakisemi, na wewe unayeuliza hujakifungua." Darasa zima lilipiga kelele mpaka prefe, mkuu wa shule, akatoka bironi, ofisini kwake, kutazama.

Jumamosi, baada ya salongo, watu walipokwisha kufyeka na kufagia njia za Serikali, tulimpitisha kutoka shuleni mpaka soko la Kasuku, kitabu kichwani, kitambaa chako juu yake. Mama mmoja mwuza majani ya sombe akauliza, "Nani anaolewa?" Tukamwambia, "Amemaliza kitabu." Akasema, "Chote?" Akamrushia karanga.

Sasa nyumba ya vitabu haina pa kukaa. Wanasoma wamesimama, wanasoma dirishani. Wawili walipigania kitabu cha wanyama kikatoka jalada.

Ila Alhamisi ni siku ya animasyo. Watoto wote wanatakiwa uwanjani kuimba na kucheza nyimbo za Chama. Alhamisi iliyopita wengi hawakuonekana, walikuwa kwangu wanasoma. Mkubwa wa vijana wa Chama hapa shuleni, Sitwaye Lukali (siku hizi ni marufuku kusema Bwana, husemwa Sitwaye, yaani mwananchi), zamani akiitwa Roger, alikuja mlangoni. "Mwalimu, nani alikupa ruhusa ya kupitisha watoto mjini?" Nikacheka. Nikamwambia njia ni ya watu wote. Yeye hakucheka.

Mjukuu wako Mwamini


Kibombo, tarehe 16 Novemba 1975

Mwamini,

Nimefurahi, sasa acha nikugombeze.

Kwa nini ulicheka? Muntu mwenye kofia mupya hachekwi. Anajitazama bado kwenye kioo. Na huyo Roger ninamujua. Si mwana wa Geneviève, waliokaa nyuma ya nyumba yetu wakati baba yake anafanya kazi ya reli? Alikuwa mutoto wa kunyonya kidole mpaka meno yakatoka mbele. Umusalimu vizuri, umuulize habari ya mama yake, halafu uendelee na kazi yako.

Maana usiache. Ukiacha sasa, watasema ulijua unakosa. Watoto wanaosoma ni wengi, umeniandikia mwenyewe. Watakaomaliza wapitishe wote pamoja, na safari hii kwa dufu. Bila dufu ile si heshima, ile ni watu wanakwenda kisimani. Kwenye Kasuku hamukosi muzee mwenye dufu. Na wote wafunge nyeupe.

Huyo Emerance umwambie nyanya wa Kibombo amesema mdomo wake ni muzuri, autunze.

Hawa


Kindu, tarehe 27 Novemba 1975

Nyanya mpenzi,

Mimi mzima. Mvua ni nyingi, Lualaba imepanda mpaka karibu na mashamba ya mpunga. Nyumba ya vitabu tunaipumzisha kidogo.

Usimpe tena Hamadi barua zako kituoni mbele za watu, mpe nyumbani kwake. Barua zangu zilizoko kwako zitie motoni. Na akija mtu yeyote kukuuliza tunaandikiana nini, sema tunaandikiana habari za mihogo.

Usiwe na wasiwasi.

Mwamini


Kibombo, tarehe 30 Novemba 1975

Mwamini,

Kupumzisha? Nyumba ya vitabu njo mbuzi amezaa, mpaka muipumzishe?

Unafikiri uzee ni upofu. Leo Léontine, muke wa yule Munande wa Butembo mwenye duka hapo Kasuku, ameshuka kwenye treni kuja kutafuta mafuta ya mawese. Nimemupa maji, nimemupa kiti, hajamaliza kunywa amenieleza yote akidhani najua. Mulango umetiwa kufuli na karatasi ya muhuri. Wewe unaitwa kwenye biro ya Chama kila asubuhi, unakaa kwenye benchi kama muntu aliyeiba kuku. Mujini wanapita mbali na wewe. Nami unaniandikia mvua!

Sikukuzaa, lakini aliyekuzaa nilimuzaa mimi. Barua zako sichomi. Moto wangu njo wa kupikia.

Niambie wanataka nini. Usinifichie tena, maana ukinificha nitafanya ya kichwa changu.

Hawa


Kibombo, tarehe 3 Desemba 1975

Kwa Roger, mwana wa Geneviève,

Najua unaitwa Sitwaye Lukali. Sikuwepo ulipopewa jina hilo, kwa hiyo nakuita kwa lile ulilopewa nikiwepo.

Siku tatu nimengoja jibu la mujukuu wangu na treni imekuja bila jibu. Nakuandikia wewe. Wasafiri wa treni wanasimulia kwamba munamuuliza Mwamini nani alimufundisha kupitisha watoto mujini na vitabu kichwani. Acha kumuuliza, hajui kitu. Aliyemufundisha njo mimi. Kitambaa cheupe ni cha shuka langu. Dufu, nililiagiza mimi. Yeye hata kulishika hajui, analishika kama sinia.

Wewe mwenyewe umekula karanga za namna hiyo. Mama yako alipolazwa hospitali nilikubeba mugongoni kwenda kuona mutoto anapitishwa, ukaokota karanga chini, ukanipakaa mate shingoni. Hakuna aliyekufunga.

Sasa mumejua. Muacheni mwalimu akafundishe, na mulango ufunguliwe. Panya haogopi karatasi ya muhuri.

Mimi Hawa wa Kibombo, muntu yeyote kituoni atakuonyesha nyumba


Kindu, tarehe 4 Desemba 1975

Nyanya,

Umenishika, basi nakuambia yote, na baada ya kusoma nakuomba kwa jina la mama yangu usifanye lolote.

Tulipitisha kundi zima kwa dufu, kama ulivyosema. Sikujua kwamba saa ile ile mgeni mkubwa wa Chama kutoka Bukavu alikuwa anapokelewa uwanjani. Watu waliposikia dufu walidhani kuna harusi, wakatoka uwanjani kuja kututazama. Wachezaji wa animasyo wakabaki wanacheza mbele ya viti vitupu. Mgeni akauliza kule wanakwenda wapi.

Wanasema makosa ni haya: maandamano bila ruhusa, kuharibu animasyo, na hili la tatu ndilo baya, kurudisha dini katika shule ya Serikali. Unajua dini imetolewa mashuleni. Dufu, nguo nyeupe, kitabu kichwani. Wanasema hiyo si kusoma, hiyo ni dini, na mwalimu mdogo hawezi kuibuni peke yake. Yuko mtu nyuma. Wanataka jina: Sista wa zamani au shehe. Nikiwapa jina naachwa siku hiyo hiyo, wamenieleza waziwazi.

Kila asubuhi nawajibu neno moja: nilibuni mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Wanaandika. Kesho wanauliza tena. Nadhani wanaanza kuchoka. Juzi aliyekuwa anaandika alisinzia. Nikishikilia hapo hapo mpaka Krismasi wataniacha kwa kuchoka, na nyumba itafunguliwa.

Kwa hiyo, nyanya, najua ulimi wako. Usimwandikie mtu. Hasa Roger. Neno lako moja likipingana na langu, nimekwisha.

Mwamini


Kindu, tarehe 10 Desemba 1975

Kwa Sitwayene Hawa, Kibombo

Mapinduzi yadumu. Barua yako ya tarehe 3 Desemba imepokelewa na kusomwa mbele ya komite.

Mwalimu alikuwa ametia sahihi maneno kwamba hakuna aliyemfundisha. Barua yako inasema yupo. Kwa hiyo kwenye makosa yake limeongezwa la kuidanganya komite.

Unaitwa kufika Kindu Jumamosi tarehe 20 Desemba, saa nne, baada ya salongo, kueleza desturi hiyo ni ya nani na ilitoka wapi. Usipofika, mwalimu atajibu kwa niaba yako.

Sitwaye Lukali, mkubwa wa vijana wa Chama

Nyanya, haya ni yangu mimi Roger, si ya komite: kwa nini uliandika? Tungelimaliza. Barua ilifika kukiwa na watu, ikafunguliwa na mwingine. Ile ya mate shingoni waliisoma kwa sauti.


Kibombo, tarehe 14 Desemba 1975

Mwamini,

Barua yako na ya Roger zimefika kwenye mufuko mumoja wa Hamadi. Yako ilikuwa chini.

Nakuja. Usipike kitu.

Hawa


Punia, tarehe 25 Januari 1976

Nyanya,

Tumefika. Lori lilizama kwenye matope kila lilipoona matope. Shule ya hapa ina kuta na ubao. Vitabu hakuna, hata kimoja, isipokuwa changu cha kutayarishia masomo, na prefe wa hapa ameniomba nimuazime.

Nilipanda lori bila kukuaga vizuri kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Nakuandikia nayo.

Uliingia chumba kile cha komite ukakalia kiti cha mwenyekiti kwa sababu kilikuwa na mto. Ukawaambia, "Radio yenu inaimba kila asubuhi turudi kwa mambo ya wazee. Mimi njo muzee. Nimerudi kwa mambo yangu. Mbona mumenifungia mulango?" Walicheka. Wewe ulidhani umeshinda. Mimi nilipowaona wanacheka nilijua tumekwisha, maana wakubwa wakichekeshwa mbele ya vijana wao lazima mtu alipe. Wewe hawakukuweza. Nikalipa mimi.

Wakasema: basi, desturi ni ya wazee, ni nzuri, kuanzia leo ni ya Chama. Nyumba ifunguliwe, Sitwaye Lukali ashike ufunguo, watoto wapitishwe na vitabu kichwani siku za wageni. Na mwalimu aliyedanganya aende kufundisha Punia, huku msituni.

Ungenyamaza, nyanya. Ungekaa tu Kibombo na magoti yako. Walikuwa wamekwisha kusinzia.

Niambie jambo moja bila kunipamba. Watoto bado wanasoma? Usiniambie kama wanapitishwa. Wanasoma? Kama hawasomi, nilikuja huku kwa bure.

Mwamini


Kindu, tarehe 22 Februari 1976

Mwamini, mujukuu wangu,

Sikurudi Kibombo. Nalala kwa Léontine, nyuma ya duka, kati ya magunia ya maharagi. Mume wake anauliza nitaondoka lini, najifanya sisikii Kiswahili cha Butembo.

Unasema ningenyamaza. Mimi kunyamaza sikufundishwa, na waliokuwa wanifundishe wamekufa. Lakini maneno yako nimeyasoma. Nimeyasoma tena. Sitakujibu juu ya hayo kwa karatasi.

Umeuliza jambo moja. Nakujibu.

Mwanzo, hapana. Kufuli liliondolewa, lakini ufunguo ulikuwa mufukoni kwa Roger na Roger alikuwa na mikutano. Basi nikawa nakwenda kila asubuhi kukaa mbele ya biro yake, kwenye benchi ile uliyokalia. Ni mbaya kweli ile benchi. Watu wakipita wanauliza, "Mama, unangoja nini?" Nawajibu kwa sauti, "Nangoja mwana wa Geneviève aamke." Siku ya nne akanitupia ufunguo. Akasema, "Fungua wewe, funga wewe, nisikuone hapa tena."

Nikafungua. Nakaa hapo mulangoni kwenye kiti. Vitabu vya kifaransa sivijui, lakini mutoto akichukua namuuliza jina, na akirudisha namwambia, "Nieleze." Hawezi kunidanganya. Muntu aliyesoma na muntu aliyetazama picha hawasimulii sawa, hata kama ni habari za Ulaya.

Walikuja wachache. Nikasema moyoni, bila heshima ya mujini nani atakuja? Wivu wenyewe Roger ameuchukua. Maana anawapitisha, ni kweli. Anawachagua kwa urefu. Watoto warefu, vitabu kichwani, kitambaa sasa ni kijani ya Chama, na hakuna hata mumoja kati yao aliyekifungua kile anachokibeba. Nilimuona mumoja amebeba kitabu kichwa chini.

Juzi Alhamisi ikawa siku kubwa. Mgeni amekuja, shule zote uwanjani, animasyo, maandamano, bonbo kwa kila atakayebeba kitabu. Na amri: asiyekuja ataandikwa jina. Mimi nikafungua mulango kama kawaida, nikajua leo nitakaa na panya.

Wakaja, Mwamini. Mumoja mumoja, kwa njia ya nyuma, wanapita kwenye majani ya ukuta. Emerance mbele, na unga wa mikate bado mikononi. Nikamwambia, "Wewe! Uwanjani wanagawa bonbo. Huku hakuna wa kukurushia hata karanga." Akaniambia, "Nyanya, nilibakiza kurasa mbili." Nikamuuliza, "Na wakikuandika jina?" Akasema, "Lile wanaloandika silo langu."

Nilikuambia wivu njo mwalimu mukubwa. Sisemi nilikosea. Nasema niliona watoto wanasoma siku ambayo hakuna wa kuonewa wivu, na nilikaa kimya, mimi, asubuhi nzima. Uulize Léontine kama aliamini.

Uwanjani ngoma zinalia. Humu Emerance akaanza kuwasomea wengine kwa sauti, kwanza kidogo, halafu akajisahau. Nami nikajisahau. Basi sikusikia viatu. Nilipogeuka Roger yuko mulangoni, na karatasi ya majina mukononi na kalamu. Watoto waligeuka mawe. Emerance akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

Nilitaka kusimama nimuzibe mulango. Magoti yakakataa. Nikabaki kwenye kiti namutazama. Roger akawatazama mumoja baada ya mwingine.  Nyuma yake huko njiani vijana wake wanamwita, "Sitwaye, wako humo?"

Akageuza kichwa akajibu, "Hakuna. Ni muzee anafagia."

Halafu akanisogelea, polepole, kama zamani alipokuwa anataka kuomba kitu. Akasema, "Nyanya, funga dirisha. Sauti yake inafika njiani."

Akaondoka. Nikafunga dirisha. La upande wa njia nililifunga. La upande wa muto Lualaba nililiacha wazi, maana mutoto hawezi kusoma gizani.

Emerance akafungua tena penye kidole.

Hawa


Kitabu kimoja kiko ndani ya gunia hili la mahindi ninalokutumia kwa lori, chini kabisa. Jalada lake limetoka, ni kile cha wanyama walichopigania. Dereva hajui. Umalize kwanza wewe, halafu uwape wa huko.